Shajara ya draiva: kutoka mizani ya Paidha hadi diski ya Arua

Jumatatu

Faili la mizani la kituo chetu cha kununua kahawa cha Paidha, Uganda, lina tundu. Mistari ya asubuhi ipo, ya jioni ipo, lakini katikati pana baiti za sifuri tupu mahali palipopaswa kuwa na majina ya wakulima, kilo za kahawa ya maganda na namba za stakabadhi. Ukilitazama kwa jina na ukubwa huoni ubaya wowote. Aliyegundua ni karani wa malipo hapa Arua, iliko seva yetu: mkulima alimletea karatasi yenye tarehe, kilo na namba, na kompyuta haikuwa na habari naye.

Nikampigia simu mama anayesimamia mizani.

"Mama, siku ile umeme ulikatika?"

"Ulikatika mwanangu, mvua ilikuwa kubwa. Lakini mashine ilishaniambia imehifadhi ndipo karatasi ikatoka. Mwenyewe siwezi kuitoa kabla."

Ni kweli, hawezi. Programu ya mizani huongeza mstari mwishoni mwa faili, huita fsync, yaani amri ya kuhakikisha data imefika diskini, na ikijibiwa vizuri tu ndipo huamuru printa. Basi kati ya programu ile na diski ya Arua yupo aliyejibu "tayari" kabla data haijawa salama.

Nimepima tundu. Linaanza kwenye baiti iliyo kigawe cha 4096 na kuishia kwenye kigawe kinachofuata. Draiva yetu, programu inayopeleka faili za kituo Arua, hukusanya data katika bloku, yaani vipande, za baiti 4096 ndipo izitume. Seva nayo hutumia bloku za ukubwa huo kwenye diski yake, lakini seva haikuzimika siku hiyo. Kilichopotea ni bloku moja nzima ambayo haikuwahi kuondoka Paidha, wakati bloku iliyoifuata ilishafika. Umeme uliporudi, programu iliuliza urefu wa faili, ikapewa urefu wa pale bloku ya mwisho ilipoishia, ikaendelea kuandika kuanzia hapo. Tundu likabaki nyuma yake.

Mistari hamsini na kitu. Nakala za karatasi zipo kituoni, kwa hiyo karani ameanza kuijaza upya kwa mkono, na mkulima yule atalipwa. Lakini tusingekuwa na nakala, neno lake lingepimwa dhidi ya neno la kompyuta, na sote tunajua nani angeshindwa. Hilo ndilo linalonifanya niisimamishe kazi nyingine yote hadi hii iishe.

Jumatatu, baada ya saa za kazi

Kwa atakayesoma shajara hii baadaye, mpango wetu ni huu. Kila kituo kina kompyuta ya Linux. Folda ya faili za mizani haiko kwenye diski ya kompyuta hiyo. Nyuma yake ipo draiva ya FUSE, ule utaratibu ulioingia kwenye kerneli, yaani kiini, ya Linux mwaka 2005 unaoruhusu programu ya kawaida kuwa mfumo wa faili. Kerneli hupokea ombi la programu ya mizani na kulipeleka kwa draiva, draiva huweka data kwenye foleni iliyo katika RAM, kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, na thredi za nyuma, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba, huzituma Arua kwa intaneti ya simu.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini hatukutumia NFS, mfumo wa kawaida wa kutumia faili za seva kupitia mtandao, ikaisha. NFS ni nzuri sana kwenye mtandao ulio imara. Kwetu mtandao hupotea kwa dakika kadhaa, wakati mwingine mchana kutwa. Ukiiweka katika hali ngumu, programu inaganda hadi seva irudi na karani haoni hata ujumbe. Ukiiweka katika hali laini, inakata tamaa baada ya muda na kurudisha kosa, na mwongozo wake wenyewe unaonya kwamba data inaweza kuharibika kimyakimya. Tulitaka kitu cha katikati. Wazo lilikuwa sahihi na bado naliamini. Utekelezaji wa usawazishaji ndio uliokosa nusu yake.

Jumanne

Nimeiendesha programu ya mizani chini ya strace, chombo kinachoonyesha kila ombi la programu kwa kerneli, ili kuona kila fsync inachukua muda gani. Inarudi ndani ya mikrosekunde chache. Hakuna ujumbe unaoweza kwenda Arua na kurudi kwa muda huo, hata kama mtandao ungekuwa wa waya mpya.

Kisha nikaiwasha draiva kwa hali ya kuonyesha maombi yote, na jibu likajitokeza lenyewe. Ombi la kwanza la FSYNC linafika. Draiva haina kazi iliyosajiliwa ya kulishughulikia, kwa hiyo libfuse, maktaba ya FUSE, inajibu kwa kosa namba 38, ENOSYS, maana yake kazi hii haipo. Baada ya hapo hakuna FSYNC nyingine inayofika, hata moja. Nimeusoma msimbo wa kerneli kuhakikisha: ikipata ENOSYS kwa FSYNC, huweka alama kwamba mfumo huu wa faili hauhitaji fsync, humrudishia mwitaji sifuri, yaani mafanikio, na haiulizi tena hadi mfumo utakapofunguliwa upya.

Kwa upande wa kerneli ni uamuzi unaoeleweka. Ipo mifumo mingi ya FUSE isiyo na chochote cha kusukuma, na haina maana kuisumbua. Kwa draiva iliyoshika foleni ya data kwenye RAM ni hatari kubwa, kwa sababu kunyamaza kwake kunatafsiriwa kuwa ahadi.

Jambo la pili nimelikuta nikiwa hapohapo. Draiva ilikuwa inamalizia kutuma mabaki ya faili ndani ya RELEASE. FUSE hutuma FLUSH kila mara kishikio cha faili, kile programu inachopewa inapolifungua, kinapofungwa kwa close, na jibu la FLUSH ndilo linalorudi kwa aliyefunga. RELEASE huja mara moja tu, wakati kishikio cha mwisho kimeshaondoka, na thamani inayorudishwa hapo hutupwa. Kwa hiyo hata programu iliyofuata adabu zote, ikafunga faili na kukagua jibu la close, isingeambiwa kwamba seva imejaa au mtandao umekatika. Kosa lilikuwa linatokea mahali ambapo hakuna wa kulisikia.

Vitu viwili hivi vinatosha kueleza tundu la Paidha. Lakini havitoshi kurekebishwa peke yake, maana ukisajili fsync inayosubiri kila bloku ijibiwe moja moja, mizani itasimama.

Jumatano

Hesabu kwanza. Ujumbe kwenda Arua na kurudi, siku ya mtandao dhaifu, tuchukulie milisekunde 300. Faili la megabaiti 4 ni bloku 1024. Tukisubiri jibu la kila bloku ndipo tutume inayofuata, ni zaidi ya dakika tano kwa faili moja, na foleni ya wakulima imefika barabarani.

Tatizo hili lilishatatuliwa na watu wa NFS. Toleo la pili lilidai seva iandike diski kabla ya kujibu kila WRITE, yaani ombi la kuandika, na lilikuwa la polepole kwa sababu hiyo. Toleo la tatu, lililoandikwa kwenye hati ya RFC 1813 ya mwaka 1995, liliruhusu WRITE isiyo imara: seva inapokea data kwenye kumbukumbu na kujibu haraka, kisha mteja anapotaka uhakika anatuma COMMIT, na hapo ndipo seva inapaswa kuifikisha diskini kabla ya kujibu.

Ugumu upo hapa: seva ikizimika kati ya WRITE na COMMIT, data iliyokuwa kwenye kumbukumbu yake imepotea, lakini ikiwaka tena itapokea COMMIT na kujibu kwa moyo mweupe kwamba haina deni lolote. Dawa yao ni namba ya uthibitisho ya baiti 8. Seva huchagua namba mpya kila inapoanza, na huirudisha kwenye kila jibu la WRITE na la COMMIT. Mteja akiona namba ya COMMIT si ile aliyopewa wakati wa WRITE, anajua seva ilianguka katikati, na anatuma data yote upya. Maana yake mteja haruhusiwi kuitupa data aliyokwisha kuituma hadi COMMIT ijibiwe kwa namba ileile.

Nimeuchukua mpango huu mzima na kuuingiza kwenye protokali yetu. Ni mpango mzuri ajabu: seva haihitaji kukumbuka nani alituma nini. Mzigo wa kukumbuka unabaki kwa mwenye data.

Bloku kwenye draiva sasa ina hali tatu badala ya mbili: haijatumwa, imetumwa bila uhakika, imethibitishwa. Zamani bloku ilikuwa inafutwa kwenye RAM mara tu inapojibiwa, kwa hiyo hali ya katikati haikuwepo kabisa. Fsync mpya inafanya hivi: inasukuma bloku zote za faili zilizo katika hali ya kwanza, inasubiri majibu ya zile zilizo njiani, inatuma COMMIT moja, inalinganisha namba. Zikitofautiana, bloku zote za hali ya pili zinarudi hali ya kwanza na kazi inaanza upya. Fsync mbili zikija pamoja kwa faili moja, COMMIT moja inazihudumia zote mbili, mradi data zake zote zilishatumwa kabla ya COMMIT hiyo kuondoka. Sharti hilo la mwisho nimeliandika kwa herufi kubwa ndani ya msimbo, maana ndilo ambalo mtu anayetafuta kasi atashawishika kuliondoa.

Fdatasync, ndugu mwepesi wa fsync, nayo hupitia ombi lilelile, ikiwa na alama kwamba tarehe na mambo ya namna hiyo yanaweza kusubiri. Urefu wa faili hauwezi kusubiri. Faili lisipojua kwamba limeongezeka, mstari mpya haufikiki hata kama baiti zake ziko diskini.

Alhamisi

Foleni zilikuwa za kila kishikio; nimezihamishia kwenye inodi, yaani rekodi ya faili lenyewe. Programu mbili zikifungua faili moja, fsync ya mmoja lazima ibebe data ya wote. Pia ombi la kuuliza ukubwa wa faili sasa linajibiwa kwa kuangalia foleni kwanza, si seva peke yake. Imepita bila shida.

Jumatatu, wiki ya pili

Leo ni makosa, na hapa ndipo nimekaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Swali: COMMIT ikishindikana, data ifanywe nini, na nani aambiwe?

Mwaka 2018 watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL waligundua jambo lililowatikisa. Kwenye Linux, kurasa za kumbukumbu zikishindwa kuandikwa diskini, fsync hurudisha kosa, lakini kurasa hizo huhesabiwa kuwa safi. Ukiita fsync mara ya pili unapata mafanikio, ingawa data haijafika popote. Hifadhidata iliyokuwa ikijaribu tena kwa nia njema ilikuwa inajidanganya. Waliishia kuamua kwamba fsync ikishindwa, PostgreSQL isimame na kujijenga upya kutoka kwenye kumbukumbu zake za miamala.

Draiva yetu haina kisingizio cha kuitupa data. Inaishika kwenye RAM yake yenyewe, na RAM ya kituo inatosha. Kwa hiyo nimeweka kanuni: COMMIT ikishindwa, bloku zinabaki chafu, na fsync inayofuata inajaribu kuzituma zilezile. Mafanikio ya mara ya pili yawe mafanikio ya kweli.

Kuhusu nani aambiwe, kerneli ya Linux tangu 4.13 ina utaratibu ambapo kila kishikio kilichofunguliwa hubeba alama ya kosa la mwisho kilichokwisha kuliona, na kosa jipya huripotiwa mara moja kwa kila kishikio. Nimeufuata. Zamani aliyetangulia kuuliza alikuwa analichukua kosa na kuondoka nalo, na wa pili anaambiwa mambo ni shwari.

Kisha muda wa kusubiri. Fsync ikikosa seva hungoja sekunde 60, kisha hurudisha EIO, yaani kosa la kusoma au kuandika. Mwenzangu anayetunza seva alitaka isubiri bila kikomo, na hoja yake ina uzito: kosa ni jambo ambalo programu nyingi hazijui kulishughulikia. Lakini programu ya mizani tunayo wenyewe, na mama wa mizani ni mtu mwenye akili timamu mwenye daftari mezani. Akiambiwa "haijahifadhiwa", ataandika kwa kalamu na kumwambia mkulima asubiri au aje kesho. Kioo kilichoganda hakimpi nafasi hiyo. Tumekubaliana sekunde 60, na idadi hiyo iwe kwenye faili la mipangilio.

Jambo moja zaidi kwa upande wa programu. Baada ya EIO isiandike mstari upya. Iite fsync tena, maana mstari bado uko kwenye foleni ya draiva. Ikiandika upya tutapata mkulima aliyepimwa mara mbili. Na kwa kuwa siku moja mtu ataiendesha programu hii juu ya mfumo mwingine wa faili usio na kanuni yetu, Arua sasa inakagua namba ya stakabadhi na kukataa inayojirudia.

Jumanne

Seva. COMMIT ilikuwa inaita fsync ya kweli upande wa Arua, nimehakikisha. Namba ya uthibitisho sasa hutolewa upya kila programu ya seva inapoanza, hata kama kompyuta yenyewe haikuzimika. Kuna wakati tutatuma upya data ambayo ilikuwa salama, na gharama hiyo naikubali. Folda pia: faili likibadilishwa jina, badiliko la jina ni data ya folda, na folda ina fsync yake. FSYNCDIR haikuwepo kwenye draiva, na ENOSYS yake hutafsiriwa kwa namna ileile ya FSYNC. Imeandikwa.

Alhamisi

Majaribio. Mashine mbili pepe, za kuigizwa ndani ya kompyuta, mezani, moja ni Paidha na moja ni Arua. Kwa tc netem, chombo cha kuiga mtandao mbovu, tumeongeza ucheleweshaji wa milisekunde 300 na kupoteza asilimia 5 ya pakiti. Programu ndogo inaandika mistari yenye namba zinazofuatana, inaita fsync, na ikijibiwa vizuri inatuma namba hiyo kwenye mashine ya tatu, ambayo haizimwi kamwe. Kisha tunaua: seva kwa kill -9, mashine ya seva kwa kuikatia umeme wake pepe, mashine ya kituo vivyo hivyo, mtandao kwa kutupa pakiti zote katikati ya COMMIT.

Kipimo ni kimoja. Kila namba iliyofika mashine ya tatu lazima iwe diskini Arua. Mistari ya ziada ambayo haikuahidiwa inaruhusiwa, upungufu hauruhusiwi.

Draiva ya zamani inapoteza namba karibu kila kituo kinapozimwa. Mpya haijapoteza. Jaribio lililonipa raha ni la seva kukatiwa umeme baada ya WRITE na kabla ya COMMIT: kwenye kumbukumbu za matukio unaona namba ya uthibitisho imebadilika, bloku zinarudi nyuma, zinatumwa tena, COMMIT inajibiwa, fsync inarudi. Programu haikujua kama lilitokea lolote.

Ijumaa, Paidha

Imewekwa. Stakabadhi sasa inachelewa kidogo kutoka, na mama aliliona mara moja.

"Fundi, leo inafikiri kwanza."

"Ndiyo mama, inangoja Arua iseme imepokea."

"Basi ingoje. Afadhali watu wasimame kidogo kuliko nirudi kubishana nao."

Nikiwa hapo nimegundua kitu ambacho mezani kisingeonekana. Kijana anayefunga kituo jioni amefundishwa kuandika amri ya sync kabla ya kuzima kompyuta, na anafanya hivyo kwa uaminifu kila siku. Amri hiyo haifiki kwa draiva ya FUSE ya kawaida. Kerneli ina ombi la kusawazisha mfumo mzima tangu 5.14, lakini lilifunguliwa kwa virtiofs, mfumo wa faili wa mashine pepe, si kwa draiva kama yetu. Kuondoa mfumo kwa umount nako hurudi kabla draiva haijamaliza foleni yake. Kwa hiyo mashine inaweza kuzimika draiva ikiwa bado ina bloku mkononi.

Nimeongeza faili maalumu ndani ya folda ya udhibiti: ukiliitia fsync, draiva husawazisha faili zote na kurudisha kosa kama lipo. Hati ya kuzima kompyuta sasa hupitia hapo kwanza, kisha huondoa mfumo, kisha husubiri prosesi ya draiva iishe ndipo iendelee. Ikishindwa inaandika kwenye kioo mistari mingapi haijafika Arua na inamwuliza kijana kama azime au asubiri. Tumelijaribu pamoja, modemu ikiwa imechomolewa, naye akachagua kusubiri bila mimi kusema neno.

Kilichobaki

Kituo cha pili bado kina draiva ya zamani. Hakiguswi hadi Paidha imalize wiki nzima ya ununuzi. Kikomo cha RAM cha foleni kipo megabaiti 64, na kikijaa write husubiri, lakini sijapima mtandao ukikosekana mchana kutwa itakuwaje. Kufuli za faili, zinazozuia wawili kugongana kwenye faili moja, hazijaguswa kabisa, na karani wa malipo ameanza kulifungua faili la mizani wakati kituo kinaandika. Hiyo ndiyo kazi ya Jumatatu.